Nsia, Niliyekaa Naye Siku Tisa

Mpendwa mwanangu Nsia,

Najua huitwi hivyo. Waliokuchukua watakuwa wamekupa jina lao, na kwa miaka ishirini na miwili umelizoea. Kwetu mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa baba. Baba yako aliikana mimba, basi nikakuita Nsia, jina la bibi yako mzaa mama.

Tulikaa wote siku tisa, kwenye nyumba ya wasichana kule Rau. Babu yako alinipeleka tumbo lilipoanza kuonekana. Alikuwa mzee wa kanisa Masama, na binti akizaa nyumbani hutengwa mbele ya watu wote. Tulikuwa wasichana sita, tukichambua kahawa ya mlezi, mama aliyeendesha nyumba ile, mpaka uchungu uanze.

Ulikuwa unafungua jicho moja kwanza, unatuangalia, ndipo unafungua la pili. Upendo, msichana wa Bomang'ombe niliyelala naye chumba kimoja, alikuwa anacheka. "Huyu ni bwana afya," alisema. "Anakagua kama tumefagia."

Bibi yako alikuja mara moja, kwa kujificha, na mtori wa ndizi kwenye chupa ya chai. Kwetu mzazi hulishwa miezi mitatu, hashiki jembe. Mimi nililishwa siku hiyo moja. "Kula, maziwa yashuke," aliniambia, amekupakata. Yalishuka kweli. Yaliendelea kushuka hata baada ya wewe kuondoka, nachambua kahawa gauni limelowa.

Siku ya tisa mlezi alileta karatasi. Alisema ni ya chanjo yako. Wenzangu walikuwa wakiweka dole gumba. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha pili, nikaomba kalamu. Nilitaka aone kwamba najua kuandika. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, nikaambulia maneno mawili matatu. Nikaona sahihi ya baba yangu imeshawekwa, nikajua basi ni salama. Nikaandika majina yangu yote matatu. Akakubeba kwenda kuchanjwa. Nilikaa na nepi mkononi mpaka jioni.

"Ameenda kwa watu wenye uwezo," aliniambia. "Ulikubali mwenyewe. Karatasi hii hapa."

Kwa hiyo siku ukitafuta, utaambiwa mama yako alikutoa, na utaonyeshwa sahihi yangu. Ni yangu, siikatai. Lakini sikukutoa. Hilo ndilo nililotaka ulijue.

Sikurudi nyumbani. Sasa napalilia miwa huku bonde la Kilombero. Watu wakiniuliza kama nina mtoto, nasema ninaye, yuko mbali. Silii. Zamani nililia, ikakoma yenyewe, sijui lini.

Jumapili iliyopita mjomba wako Aminiel alikuja kambini na jani la isale limepigwa fundo, amelifunga kwenye gazeti. Babu yako ni mgonjwa, anaomba nimsamehe. Kwetu isale likiletwa halikataliwi, hata kama umeuliwa ndugu.

"Siku hizi umekuwa tarishi?" nilimuuliza.

"Dada, pokea. Sijala tangu asubuhi."

"Alimpeleka mwanangu kwa nani?"

"Mzee hajui. Aliambiwa asaini tu, aibu iishe."

Nilipokea. Sikusikia chochote moyoni, si hasira, si nafuu. Nikampikia ugali kwa dagaa, akala. Alipomaliza kunawa nikamwambia akamweleze baba kwamba nimepokea kwa yale aliyonikosea mimi. Kwa yale aliyokukosea wewe siwezi kupokea, hayo akuombe wewe. Aliyebebwa ni wewe, si mimi.

"Hana muda wa kumtafuta," Aminiel alisema. "Unaona alivyo? Aa, hujamwona."

"Basi atakufa nayo."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alikunja gazeti lake akaondoka. Hata hakuniaga vizuri, na simlaumu.

Ukifika Masama siku moja, huenda utakuta kaburi, na ndugu watakuambia yaliisha, mama yako aliyamaliza. Usiwasikilize. Niliyamaliza ya kwangu tu. Ya kwako hakuna aliyeyagusa, utaamua mwenyewe, na ukikataa mimi sitakuwa na neno.

Kula ushibe huko uliko.

Mimi mama yako, niliyekuzaa.