Usikiache Kikundi cha Vitabu

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Goti la bibi yako limepata nafuu, na mbuzi wetu kazaa mapacha. Kadi yako ya simu iliisha kabla sijakujibu, ndiyo maana naandika.

Unasema katika kikundi chenu cha vitabu huko Toronto wote wanakuzidi akili, unataka kuacha. Nami nilipokuwa mwalimu mpya, nilijiunga na walimu wakongwe waliokuwa wakijadili vitabu. Siku niliyothubutu kusema, nilikosea, wakacheka. Juma lililofuata sikwenda. Jioni ile mkubwa wao akabisha hodi, amenuna: "Umetuharibia! Leo tumekubaliana kwa kila kitu, tukamaliza mapema, hakuna aliyejifunza lolote."

Nilirudi, nikakosea tena. Safari hiyo nilicheka nao.

Vaa soksi nzito, uende.

Babu yako