Violet na programu iliyorahisishwa

Lugano, ngoja nikwambie yaliyompata Violet, yule mtafiti wa mbegu, leo Rujewa.

Kasimama mbele ya wakulima awaonyeshe mbegu ipi ya mpunga imezaa zaidi. Kufungua kompyuta, programu ya takwimu imejibadilisha sura asubuhi hiyohiyo. Eti imerahisishwa.

Kitufe cha kuchora grafu hakipo. Nakwambia hakipo. Dakika ishirini anabonyeza, jasho linamtoka, na kila akibonyeza inamuuliza, “Umeupenda mwonekano mpya?” Ukutani, projekta inawaonyesha wakulima wote swali hilo.

Mzee Nyanda akauliza taratibu, “Sasa mama, tupande ipi?”

Violet akazima projekta, akachora grafu kwa mkono kwenye karatasi kubwa. Wakaelewa wote.

Bosi wake huko Mbeya kasikia tu kwamba wakulima wameelewa. Kamwandikia, “Unaona? Nilikwambia programu mpya ni rahisi.”