Sauti Yako, Uso wa Patrick

Nzioka, mwanaasa,

Ulizoea kuniita hivyo, mwana wa baba, ingawa baba zetu walijuana kwa kugombania mpaka wa shamba tu. Leo ni zamu yangu kukuita. Daktari ameniambia kwamba moyo wangu umechoka, na aliniambia kwa upole mno, akishika mkono wangu. Nimefundisha maisha yangu yote, na najua mtu akianza kusema nami kwa upole kuna jambo limekwisha. Kwa hiyo naandika asubuhi, mkono ukiwa bado na nguvu kidogo. Nikichoka naacha hadi kesho yake. Hii ni siku ya tatu ya barua hii.

Nikupe kwanza habari za nyumbani. Ndunge mkeo yu salama, ila magoti yanamsumbua. Kioko mwanao amejenga karibu na barabara. Mvua zilikuja chache, mahindi ya Kola yakakauka yakiwa kiunoni, lakini mbaazi zilivumilia. Gitaa lako liko kwa Kioko juu ya kabati, limefunikwa shuka. Nyuzi mbili zimekatika na hakuna aliyeweka nyingine.

Na wimbo wako unaimbwa bado, mbali kuliko tulivyowahi kufika. Hilo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu.

Unakumbuka Kivaa? Tulikuwa tumealikwa kupiga kwenye harambee ya shule, tukafika mapema tukiwa na kiu, tukaingia boma la kwanza. Mwenye nyumba alikuwa nyuma ya jiko, hajatuona. Ulisema tu, "Mama, tunaomba maji," naye akajibu kutoka huko huko, "Huyo ni Nzioka mwana wa Mbula, mtu wa Kola." Alikuwa amekusikia ukijitaja kwenye kaseti. Ndivyo nyimbo zetu zilivyo: katikati ya wimbo, gitaa likipanda, mwimbaji anasema yeye ni nani, kazaliwa na nani, kwao wapi. Yule mama alipotokea na jagi alitutazama sote wanne. Alinitazama mimi zaidi kwa sababu nilivaa tai. "Ni nani kati yenu?" akauliza. Wewe ukacheka, na lile pengo la meno ya mbele likaonekana. Akasema, "Kumbe u mfupi hivi," akakupa maji kabla yetu.

Nilikunywa wa mwisho, na sikukisahau kitu hicho. Mtu mzima mwenye diploma, akihesabu nani kapewa jagi kwanza.

Kisha ikaja video. Hoteli za Machakos mjini ziliweka televisheni juu ukutani, watu wakawa wanakula huku wamenyanyua shingo. Wauza kaseti wakaanza kuulizwa sidii. Kimeu, mwenye studio nyuma ya stendi, alitwambia, "Wazee, siku hizi wimbo unaangaliwa." Akaja Kola na kamera yake, akakupiga picha siku nzima shambani kwako. Wiki mbili baadaye nilikuja nikakukuta kwenye zizi, nikakwambia mashine imekula mkanda, kwamba Kimeu hana nafasi ya kurudi, na kwamba amemtumia kijana mmoja afumbue mdomo juu ya sauti yako.

Ulijipangusa mikono. Ulisema, "Mwambie Kimeu pole kwa mkanda wake. Sauti si ni yangu? Acha sura iwe ya kijana."

Nzioka, mashine haikula mkanda. Mkanda ulikuwa mzima. Niliutazama wote katika studio ya Kimeu, tangu mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimekaa juu ya kreti ya soda. Ulipokwisha, Kimeu alikuna kichwa.

"Mwalimu, huyu mzee anaimba, sikatai. Lakini meno hana, na hiyo shati ni ya kukamulia ng'ombe. Mtu akimwona hivi kwa TV ya hoteli, anarudi kwa chapati yake."

"Sasa tufanye nini?"

"Niko na kijana hapa chini anauza mitumba. Anaitwa Patrick. Sura iko, meno yote iko. Yeye atachezesha mdomo tu."

Ningeweza kusimama. Ningeweza kusema kwamba bendi yetu ya Ndata ni Nzioka, na bila yeye hakuna video. Niliuliza maneno mawili: "Na mimi?"

Kimeu akanipima kwa macho, akasema, "Wewe uko sawa, Mwalimu. Vaa kofia tu."

Basi nikavaa kofia. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimesimama nyuma yako, upande wa kushoto, na gitaa la pili. Maneno ya nyimbo niliyaandika katika daftari zangu, barua za mialiko nilizijibu mimi, na pale Masii waliniita "yule mwingine". Nilitaka nionekane. Katika video nimesimama bega kwa bega na Patrick, ninatabasamu. Yeye ameshika gitaa mfano wa lako, na vidole vya mkono wake wa kushoto vimekaa mahali pamoja tangu wimbo unaanza hadi unakwisha. Hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniuliza gitaa linalia vipi bila vidole kusogea.

Kimeu, angalau yeye, alitaka kukata mahali unapojitaja. "Huyu si Nzioka," alisema, "tutaleta vurugu." Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema watu wanaujua wimbo hivyo, na ukikatwa utachechemea. Nilisema kama mwalimu anayesahihisha insha. Kwa hiyo Patrick aliitazama kamera, akaonyesha meno yake, na kwa sauti yako akasema yeye ni Nzioka mwana wa Mbula, mtu wa Kola. Nilidhani nalinda wimbo. Kumbe nilimvisha jina lako.

Kuna jambo jingine la siku ile ndani ya studio. Nitaliandika mwishoni. Leo sina nguvu nalo.

*

Masii unaikumbuka, na sitakusimulia kama mgeni. Ila nataka ujue kwamba nami naikumbuka yote, sijapunguza.

Ilikuwa siku ya soko, alasiri, ukumbi umejaa hadi madirishani. Hatukuwahi kujaza namna ile enzi za kaseti. Sidii ilikuwa imetutangulia. Ulipanda jukwaani na shati jeupe alilolipiga pasi Ndunge, ukavaa gitaa, na kijana wa mbele akasema, "Mzee, shuka. Tunangoja Nzioka."

Ulisogelea kipaza sauti. "Nzioka ni mimi."

Wakacheka, bila ubaya mwanzoni. Mama mmoja mwenye kikapu cha nyanya akasema, "Labda wewe ni babake. Mwite mtoto." Ukaanza wimbo. Ukaimba vizuri kuliko kwenye sidii, nasema hivi mbele ya Mungu ninayemwendea. Kikasikika kicheko kingine, halafu mtu nyuma akasema, "Anamwiga vizuri huyu mzee. Hata pengo la sauti amelipata." Nikaona umesikia. Ukaendelea hadi mahali pa kujitaja, ukajitaja, na hapo ndipo walipokasirika. Kuimba wimbo wa mtu walikuwa wamekusamehe. Kujiita jina lake, hapana.

"Ongopea mamako."

"Toa huyo mlevi."

Kisha yule mama wa nyanya akaninyooshea kidole. "Huyu wa kofia tunamjua, yuko kwa video. Mwalimu, wewe sema. Huyu ni Nzioka?"

Ukageuka ukanitazama. Hukuwa na wasiwasi hata kidogo usoni, hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba. Ulikuwa unangoja niseme, kama mtu anavyongoja kurudishiwa kitambulisho chake dirishani.

Nikasogelea kipaza sauti nikasema, "Tulieni. Nzioka anakuja."

Ulivua gitaa, ukaliegemeza kwa uangalifu, ukashuka upande wa jikoni. Hukuwahi kupanda jukwaa tena. Nami nimejitetea kwa miaka: niliogopa chupa, niliogopa wangekuumiza. Ni kweli niliogopa. Lakini mtu wa kofia alikuwa ametambuliwa na ukumbi mzima kwa mara ya kwanza maishani mwake, na hakutaka itokee kwamba naye ni wa uongo.

Baada ya hapo niliendelea kuja kwako kila Jumapili. Ulinipa chai. Tuliongea habari za ng'ombe, za kanisa, za bei ya mbolea. Nami nikuambie neno moja la uchungu, kwa kuwa wafu wanaweza kuvumilia: nilikulaumu, na bado nakulaumu kidogo. Hukuniuliza. Ungeniuliza mara moja tu, "Mwalimu, kwa nini?" ningeanguka pale pale na kusema yote. Ulinimiminia chai ukaniacha na mzigo wangu, na sijui kama ulikuwa wema au ulikuwa adhabu.

*

Ulipofariki, stesheni ya Kikamba ilitangaza. Ndani ya saa moja watu walikuwa wanapiga simu kusema ni uvumi, kwamba wamemwona Nzioka Athi River juzi akicheza na vijana wake. Walikuwa wamemwona. Patrick alikuwa ameshatuacha mimi na Kimeu, akazunguka na wachezaji wanne na sidii yako ikilia nyuma yake, na kwenye mabango aliandikwa kwa jina lako. Aliponiacha hakuniaga. Nilikasirika sana, nikamwita mwizi, hadi nikakumbuka ni nani aliyemfungulia mlango.

Alikuja kwenye mazishi. Miwani myeusi, suti. Vijana walipanga foleni wapigwe naye picha kwa simu, na nyuma yao lilikuwa jeneza lako. Nilimsikia msichana mmoja akimuuliza, "Pole Nzioka, huyu marehemu alikuwa nani wako?" Naye akasema, "Mzee wetu tu." Juu ya jeneza Kioko aliweka picha ya kitambulisho chako iliyokuzwa. Ilikuwa imefifia hata masikio hayaonekani. Ndiyo picha pekee waliyokuwa nayo.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Mwende, anayesoma chuo hapa mjini, alinipeleka kwenye saiba, pale pa kulipia kompyuta, akanionyesha. Wimbo uko kwenye mtandao, Nzioka. Aliuweka mtu wa kwetu aliye Amerika. Unabonyeza, na Patrick anafumbua mdomo. Chini yake watu wameandika. Wako Dubai, wako Uingereza, wako Mombasa. Mmoja anasema wimbo huu ulimliza siku alipopata habari za mama yake. Mwingine anasema, "Nzioka hazeeki, meno bado ni yale yale."

Nikamwambia Mwende aandike ninayosema. "Mimi ndiye mwenye kofia. Anayeimba siye mnayemwona. Anayeimba ni Nzioka mwenyewe, amelala Kola."

Tulingoja. Majibu yalikuja kabla hatujamaliza soda. Mtu mmoja ambaye hata jina hakuweka aliandika, "Mzee wacha wivu, tafuta wimbo wako." Wengine wakaongeza vicheko. Mwende alitaka kugombana nao nikamzuia. Niliposema uongo Masii, ukumbi mzima uliniamini. Siwezi kuwadai hawa.

Sasa lile jambo la studio.

Juzi Ndunge alinitembelea, kwa magoti yale yale, na ndizi mbivu kwenye kiondo. Aliketi hapo mlangoni akasema, "Mwalimu, ule mkanda ulioliwa na mashine, hakuna fundi anayeweza kuutengeneza hata kidogo? Wajukuu hawamjui babu yao. Nataka wamwone akitembea tu. Hata bila sauti." Nikamwambia nitauliza.

Hakuna wa kuulizwa. Siku ile Kimeu alikuwa na mkanda mmoja uliobaki, ule wako. Aliniuliza, "Nipitishe huyu kijana juu yake?" Nikasema, "Pitisha." Patrick alirekodiwa juu yako. Popote anapoonekana akicheza, wewe uko chini yake, umefutwa, na neno la kukufuta lilikuwa langu.

Na nilikuwa nimekwisha kuuona. Nilijua kilichomo. Uliingia ukitokea upande wa zizi, ukamsukuma kuku kwa mguu bila kupoteza hata noti moja. Ulisimama, ukaangalia kando ya kamera nilipokuwa nimesimama, ukasema, "Mwanaasa, njoo hapa karibu, hatuwezi kuanza wewe ukiwa huko." Ukaniinulia mkono. Nilijiona nikiitwa, kwenye televisheni ndogo ya Kimeu, kisha nikasema pitisha.

Kimeu alitazama meno tu. Kwa hiyo duniani nimebaki mimi peke yangu niliyeuona mkanda ule kwa macho.

Alhamisi Mwende atanipeleka Kola. Nimemwambia aningoje nje, asiingie kuniokoa. Nitamwambia Ndunge mbele ya Kioko kwamba hakuna mkanda, na nani aliufuta, na nilisema nini Masii. Akinifukuza nitatoka. Akiniruhusu kukaa, nitaomba wajukuu waitwe, niwasimulie nilichokiona: shati, kuku, mkono ulioinuliwa, jinsi ulivyotembea, hatua kwa hatua, mara nyingi kama watakavyotaka, hadi pumzi iishe.

Lala salama, Nzioka mwana wa Mbula. Nikifika huko sitatafuta pa kusimama karibu nawe. Ila nakuahidi Alhamisi.

Mutiso