Sauti Tatu za Filimbi

Kawabata, 10 Septemba

Babu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje na baridi hii iliyowahi? Sisi tuko salama, isipokuwa kaka Renji. Juzi magari ya sherehe ya mitaa yetu miwili, yale ya mbao ya kuvutwa kwa kamba, yalipokutana darajani, gari lenu la Kamicho lilitusukuma kabla wapatanishi hawajamaliza kukubaliana nani apishe. Renji alikuwa mbele ya gurudumu. Mguu ulilia kama kuni kavu. Niliusikia kule juu ya gari nilikokaa na filimbi yangu. Daktari ameukata chini ya goti.

Wote wanasema aliyeanza ni Daigo wa mjomba, maana ndiye aliyeshika boriti ya mbele ya gari lenu. Vijana wetu wameapa kulipiza. Mimi pia nasema ni yeye. Samahani, babu, najua naye ni mjukuu wako.

Mjukuu wako,
Nagomi


Kamicho, 14 Septemba

Nagomi mjukuu wangu,

Goti ni lilelile. Mpe Renji pole yangu.

Juzi vijana sita wa kwenu walimvizia Daigo nyuma ya ghala la mpunga. Walimpiga kwa fimbo za ngoma, meno manne yakatoka, jicho la kushoto halifunguki. "Sema ulianza!" Akawajibu, "Nianzeje, na kamba zetu ziko chini, hakuna anayevuta?" Wakaanza upya.

Jumapili mitaa yote miwili inakutana ukumbini. Daigo akitiwa hatiani, hatagusa kamba za gari la sherehe maisha yake yote. Na vijana wa huku wananoa miundu, wala si ya kuvunia.

Siku ile nilikuwa nimesimama kwa muuza tofu, pale karibu na daraja. Mpatanishi wetu alikuwa amekwisha inama, tulikuwa tunawapisha. Nakuuliza jambo moja tu. Nani alikuwa anapuliza filimbi?

Babu yako


Kawabata, 17 Septemba

Babu,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari za goti, nitakosa nguvu ya kuendelea.

Ni mimi.

Nilikuwa napuliza wimbo wa kungoja, kama ulivyonifundisha. Daigo akanitazama kutoka chini, akawaambia wenzake, "Mwoneni bubu wa Brazili! Hiyo filimbi ndiyo inamsemea. Haya, ipigishe kelele tusikie!" Wakacheka. Unajua shule nilianza kwa Kireno kule Brazili tulikokuwa, nikahamishiwa Kijapani nina miaka kumi, na tangu hapo maneno hunikwama katikati. Nikapuliza wimbo wa kugongana. Sauti tatu tu, nimtishe. Ngoma ikanifuata. Wanaume wetu wa nyuma ya gari hawaoni kitu, husikia tu. Walipousikia walidhani mmetuvamia. Wakasukuma. Renji alikuwa mbele ya gari letu anataniana na mpatanishi wenu.

Nilitaka mtu aumie, babu. Si Renji. Lakini mtu.

Siwezi kusimama ukumbini. Nisemee wewe.

Nagomi


Kamicho, 18 Septemba

Mjukuu wangu,

Nilikusikia. Pumzi yako naijua, nimeifunza mwenyewe. Nilikuwa nangoja uniambie.

Nikisema mimi, watasema mzee wa Kamicho anamkinga mtoto wa Kamicho. Na goti halinifikishi. Nenda.

Babu


Kawabata, 22 Septemba

Babu,

Shikamoo. Nilikwenda.

Niliposimama, neno la kwanza likanikwama katikati. Baba mdogo Torao, mkuu wa kamba zetu, akasema, "Kaa chini, mtoto. Hapa si shuleni." Nikatoa filimbi, nikapuliza zile sauti tatu.

Wanaume wa Kawabata waliinuka wote, babu. Arobaini, mabega mbele, mikono imekamata boriti isiyokuwepo. Meza za chai zilipinduka, kikombe kikamchana mzee mmoja paji la uso. Halafu walisimama wakiitazama mikono yao.

Baba mdogo ndiye aliyeelewa kwanza kwamba waliosukuma darajani ni wao. Alininyang'anya filimbi akanipiga nayo usoni mpaka ikapasuka, kisha akaendelea na kipande kilichobaki. Nilihesabu mapigo saba. Watu wa kwetu hawakusogea. Aliyemshika mkono ni Daigo, na jicho lake moja.

"Inatosha, mzee," alisema kwa ule mdomo wake wa mapengo. "Amekwisha sema."

Hakunitazama.

Daigo yuko huru. Wale sita wamepiga magoti mbele ya mjomba. Renji ameambiwa, naye ameomba nisiingie chumbani kwake. Naandika nimekaa nje ya mlango wake. Mara kwa mara anagonga ukuta, labda ni maumivu, labda ananifukuza.

Sijaondoka.

Nagomi