Skripti Yangu na Herufi za Mbambu

Alhamisi, jioni. Kasese leo kuna joto la kukera. Mawingu yamefunika milima tangu asubuhi lakini mvua inajivuta. Nimekaa, nimesimama, nimefagia chumba ambacho kilikuwa kisafi. Simu nimeilaza kifudifudi, kisha nimeigeuza tena.

Nasubiri ujumbe kutoka Bwera.

Wanaonisoma hapa wananijua: natengeneza kompyuta za watu, na subira sina. Kufungua mipangilio, kushuka, kubofya, kurudi, kushuka tena, kwangu hiyo ni adhabu. Ndiyo maana naandika skripti, yaani maagizo ambayo kompyuta inayafuata yenyewe. Inafungua dirisha la mipangilio na kubonyeza vitufe badala yangu, nami nakunja mikono.

Hajji alinipenda kwa hilo. Yeye ni msafirishaji, ofisi yake iko Bwera karibu kabisa na mpaka, na kompyuta zake zinatumiwa na kila mtu. Wafanyakazi wa upande wetu wanataka Kiingereza na saa ya Uganda. Wanaovuka kutoka Kasindi wanataka Kifaransa, kibodi ya Kifaransa, na saa ya Kongo iliyo nyuma ya yetu. Kila mmoja akikaa anapanga anavyotaka, akiondoka anaacha hivyo hivyo. Asubuhi ilikuwa inaanza kwa ugomvi.

"Fundi," Hajji aliniambia, "mimi nataka mashine yote iamuke sawasawa. Mutu asiguse kitu."

Siku ya kwanza niliaibika. Skripti yangu ilikuwa inashuka kwenye orodha kwa kuhesabu vitufe, na kwenye kompyuta ya Kifaransa majina yamepangwa kwa mfuatano mwingine. Badala ya kwenda kwenye saa, ikaenda kuzima sauti. Ofisi nzima ikacheka, nami nikacheka nao huku jasho linanitoka. Nikairekebisha ifungue kila ukurasa moja kwa moja, bila kuhesabu.

Hapo ningeacha. Sikuacha. Nikaongeza mambo ambayo hakuna aliyeniomba: irudishe pia rangi, mwanga, na ukubwa wa herufi. Nikaiambia ifanye hivyo kila kompyuta inapoamka, si asubuhi tu. Na Bwera umeme unakatika na kurudi unavyotaka, kwa hiyo kompyuta zinalala na kuamka mchana kutwa.

Nilijiona mjanja kweli.

Wiki iliyopita lori la samaki kutoka Kahendero lilizuiwa mpakani kwa sababu namba yake kwenye karatasi ilikuwa si yake. Lilisimama juani hadi barafu ikayeyuka, na harufu ikawafikia watu kabla ya habari. Aliyeandika namba ile ni Mbambu, karani wa Hajji, na halikuwa kosa lake la kwanza. Leo asubuhi Hajji akaniita nikague kompyuta kabla hajaamua la kumfanya.

Nikakagua. Kila kitu kilikuwa kama nilivyopanga. Nikamwambia, "Mashine ziko sawa, Hajji."

"Basi shida iko na mutu," akasema.

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilitikisa kichwa, jamani, na Mbambu amekaa pale pale.

Alinifuata nje, tukasimama kwenye kivuli cha lori lililoegeshwa. Mbambu ni mtu wa upande wa Kasindi, mama wa watoto wakubwa, na alianza kazi kwa Hajji nikiwa bado shuleni. Sijawahi kumwona akiomba kitu.

"Masika, macho yangu iko inazimika mupole-mupole," akasema. "Nilikuwa naweka herufi kubwa, kazi inaenda. Tangu ulete ile kitu yako, umeme ikirudi, herufi inarudi kidogo. Naweka, inaondoa. Naweka, inaondoa. Watu beko kwa mustari wananiangalia. Nikaanza kubahatisha."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto.

"Hajji akijua sioni muzuri, ataniweka hapa nifanye nini?"

Nilitaka kurudi ndani saa ile ile nikaseme. Lakini nikisema skripti ndiyo iliyoharibu, Hajji atauliza kwa nini Mbambu peke yake alihitaji herufi kubwa, na jibu la hapo si langu kulitoa. Nikinyamaza, kesho anafukuzwa kwa ushahidi wangu. Nikamwambia aamue yeye. Akasema atafikiria, ataniandikia.

Tangu nirudi Kasese sijatulia hata kidogo. Kwanza nimefungua skripti na kufuta ile mistari ya herufi. Imechukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai, na hilo ndilo linaloniuma. Kitu kidogo namna ile kilikuwa kinamtesa mtu mzima kila siku.

Sasa niseme lililo baya zaidi. Nilikuwa nimeziona herufi zake. Siku naweka skripti nilikaa kwenye kiti chake, nikakuta maneno makubwa yamejaa kioo, naye akanikaribisha viazi vyake nikala. Sikumuuliza lolote. Nilidhani ni fujo, kama kitanda ambacho hakijatandikwa, nami nikatandika.

Na kuna lingine. Sehemu moja yangu inaomba Mbambu anyamaze. Akinyamaza, jina langu Bwera linabaki safi, na Hajji ameshaanza kunitaja kwa wasafirishaji wenzake. Nimeliandika hapa ili nilione na kulichukia.

Nilikuwa nimefika hapa simu ilipolia. Nanakili ujumbe wake kama ulivyo:

"Nimemuambia Hajji mimi mwenyewe. Macho, herufi, yote. Akasema pengine natafuta wa kubebesha makosa yangu, kesho atauliza fundi mbele yangu kama ni kweli. Masika, utasema nini?"

Nimeusoma nimesimama. Nimetoka hadi mlangoni, nimerudi. Nimeanza kumwandikia maelezo marefu, jinsi skripti inavyofanya kazi, jinsi ambavyo sikukusudia, jinsi Hajji mwenyewe alivyotaka zote ziwe sawasawa. Nimeyafuta yote. Mtu anayesubiri kujua kama kesho ana kazi hahitaji somo la kompyuta.

Nimemjibu: "Nitasema ni mimi."

Nimeutuma kabla sijapata nafasi ya kuhesabu ni kazi ngapi nitakosa Bwera. Amenijibu kwa maneno mawili, "Kuya mapema," yaani nije mapema.