Wimbo Uliookotwa Kabatini

Kwako dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwanza kwa jina la Bwana, halafu nakusalimu kama mdogo wako, maana najua ile salamu ya kwanza utasema nimeizoea mdomoni tu. Hali yako vipi? Goti la kushoto linasemaje, na cherehani je, bado inakata uzi kila ukiwa na kazi ya haraka? Shemeji naye natumaini ni mzima na ameacha kupanda juu ya paa kwa umri ule. Sisi huku tunaendelea vizuri. Wifi yako ni mzima, na sauti yake ni nzima zaidi, mtaa mzima ni shahidi. Kikohozi changu kimeisha. Wifi yako anasema kilichobaki ni kunung'unika, na kwamba hilo halina dawa.

Usishtuke kuona barua ndefu. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kwa kicheko kabla sijafika nusu, nami nina jambo ambalo safari hii lazima nilimalize. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine, ni fomu. Usiisome kwanza. Nakujua, umeshaifungua. Basi ifunike na kitu.

Unaikumbuka siku ya kuweka wakfu paa jipya la kanisa letu, miaka miwili iliyopita? Nilitunga wimbo wa siku ile, beti kumi na moja. Ulipofika ubeti wa saba, wanaume wa sauti ya nne walikuwa wameanza kukaa mmoja mmoja, na wa tisa uliimbwa na wifi yako peke yake, kwa sababu yeye ndiye mwalimu wa kwaya na hakuwa na pa kukimbilia. Tulipofika nyumbani akanitengea chakula vizuri kabisa, akaniambia nihubiri mimi, nyimbo nimwachie yeye. Nikadhani yameisha. Kumbe akalipeleka jambo hilo kwenye kamati ya muziki, na ikaandikwa katika daftari la mikutano kwamba kwaya haitapokea tena wimbo wa mchungaji mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Sala ya kufunga mkutano ule niliiongoza mimi mwenyewe, dada, tena kwa sauti ya upole.

Sasa mwaka huu nilipata wiki moja mbaya sana. Nilizika watu watatu, nikasubiri bwana harusi saa mbili nzima, na mahubiri ya Jumapili yalikuwa yamekataa kuja. Nilikuwa nimekaa ofisini, kile chumba kilichobanwa kati ya stoo ya viti na choo, nikajikuta natafuna kalamu na kuguna sauti fulani ya wimbo kooni. Maneno yakaja yenyewe. Beti tatu tu, na kiitikio chake ni hiki:

Amka, moyo wangu, neema imenyesha,
mbingu zimefunguliwa, nchi kavu imelowa.

Naona umekunja uso. Tulia kwanza, usiseme kitu, endelea kusoma.

Nilijua nikiupeleka kwa jina langu hautavuka mlangoni. Kwa hiyo nikaunakili kwa mkono wa kushoto, nota na maneno, bila jina. Jumamosi mchana kabla kwaya haijafika, nikaingia kwenye chumba cha majoho. Chumba kile hakina dirisha na taa yake imeungua siku nyingi, nikajimulikia na tochi ya simu, nikachomeka karatasi kabatini, katikati ya nota zao. Mpango wangu ulikuwa mfupi: wauimbe, waupende, halafu wiki inayofuata nijitokeze kwa unyenyekevu. Unyenyekevu wenyewe nilikuwa nimeshaufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Wakaiokota karatasi, na Jumapili wakauimba. Dada, watu walilia. Dereva mmoja mstaafu, ambaye kwa miaka minne nyonga yake imekuwa ikiombewa kila Jumatano, alisimama katikati ya ubeti wa pili na kusema haimuumi tena. Nilikuwa bado natafuta namna ya kujitokeza pale aliposimama kiongozi wa akina mama. Huyu tunamwita Mama Shuhuda, kwa sababu akipewa dakika mbili za kushuhudia huchukua ishirini. Akasema Jumamosi alipita kwenye ujia, akaona mwanga chini ya mlango wa chumba ambacho kila mtu anajua hakina taa. Aliposimulia tena Jumatano, mwanga ule ulikuwa mweupe. Jumapili iliyofuata ulikuwa na mbawa.

Unafikiri ningefanya nini? Kila nilipotaka kusema ukweli nilimwona yule mzee anatembea bila mkongojo, nikameza maneno yangu. Siku zikapita, na kila siku iliyopita ilifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Na nyumbani ndiko kulikuwa kubaya kuliko kote. Wifi yako alikaa mezani akimsifia mtunzi asiyejulikana. Akasema huyu ni mtu anayejua kunyamaza, amesema yake kwa beti tatu akakaa zake chini, si kama watu wengine. Nilikula chakula kile nikijionea wivu mwenyewe.

Mambo yakafika baraza la wazee wa kanisa, na mwenyekiti wake ni mimi. Katibu wetu ni mzee mmoja anayetembea na kitabu cha katiba ya kanisa ndani ya mfuko wa nailoni, mvua isije ikakilowesha. Vijana wanamwita Mzee Kanuni, naye anadhani ni heshima. Akauliza wimbo usio na mwenyewe utajibiwa na nani ukileta neno. Mama Shuhuda akasema mwenyewe yupo, ila anakaa juu. Wakabishana saa nzima, kisha wote wakanigeukia mimi niwape mwongozo. Nikasema tuombe. Ndivyo tunavyofanya wachungaji tukibanwa, na usimwambie mtu. Mwishowe ikaandikwa kwamba wimbo umepokelewa kwa njia isiyo ya kawaida.

Huenda ningezeeka na siri yangu kama askofu asingetutembelea. Aliusikia, akaushika mkono wa wifi yako kwa muda mrefu, akasema lazima uimbwe kwenye mkutano mkuu wa makanisa yote mwezi ujao. Wiki haikuisha, katibu wake akaleta fomu. Jina la aliyetunga maneno, jina la aliyetunga sauti, anuani zao, na chini mchungaji anathibitisha kwa sahihi yake kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Wazee wakaniagiza nijaze malaika pande zote mbili. Mzee Kanuni alikuwa na wasiwasi mmoja tu, kwamba pale kwenye anuani tutaandika nini.

Fomu ile ilikaa mezani kwangu siku tatu. Kudanganya kwa kunyamaza nilikuwa nimekuzoea, nakiri. Lakini kushika kalamu na kutia sahihi yangu chini ya uongo, nikiwa na kola shingoni, hapo mkono ulikataa kabisa. Na kama hiyo haitoshi, somo la Jumapili ile lilikuwa juu ya kusema kweli. Nilihubiri kwa nguvu hata watu wakadhani nina mtu ninayemsema. Nilikuwa naye.

Alhamisi nikapiga moyo konde, nikaingia jikoni. Wifi yako alikuwa anachambua maharage.

“Ule wimbo niliuandika mimi,” nikamwambia.

“Najua,” akasema bila kuinua macho. “Malaika gani anasahau kuweka pumzi kwenye mstari wa pili? Huyo ni mtu anayehubiri dakika arobaini bila kumeza mate.”

Kumbe alijua tangu siku ya kwanza. Alama ya pumzi aliiweka mwenyewe kwa penseli, akafunga mdomo wake. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akanijibu kwamba alitaka kuona nitaubeba mzigo ule mpaka lini, na pia kwamba ni kitu kizuri cha kwanza nilichowahi kutunga, akaogopa nikijulikana nitaongeza beti nane. Halafu akaacha maharage, akanitazama sawasawa, akaniuliza swali moja zaidi. Nilipomjibu alicheka mpaka sinia likamponyoka, na maharage tunayaokota hadi leo. Swali hilo nalifikia.

Jumapili nikasimama madhabahuni, nikawaambia watu wote kwamba malaika ni mimi. Mama Shuhuda akauliza habari za mwanga, nikamwonyesha simu. Akaitazama kwa muda, akasema Mungu hashindwi kutumia simu, akakaa. Yule dereva mstaafu akainuka na kutangaza kwamba nyonga yake haimuumi tangu siku ile, na kwamba hairudishi. Watu wakacheka, nami nikaanza kupumua. Hapo ndipo Mzee Kanuni alipofungua mfuko wake wa nailoni. Akasoma azimio la kamati ya muziki, neno kwa neno, kwamba kwaya haipokei wimbo wa mchungaji. Akasema anasikitika, wimbo ni mzuri, lakini lazima uondolewe, na askofu aandikiwe.

Dada, wewe hujaona kanisa linavyonung'unika. Wanakwaya wengine walikuwa wameshashona sare za mkutano. Ndipo wifi yako akasimama, akasema azimio lile alilitunga yeye na analijua. Linakataza wimbo wa mchungaji. Huu maneno yake ni ya mchungaji, lakini sauti yake si ya kwake, ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai. Mzee Kanuni akapekua kurasa zake kwa muda mrefu. Akakubali kwamba mwenye sauti akiandika jina lake na kutia sahihi, wimbo utahesabiwa kuwa wake, na mchungaji atakuwa msaidizi wa maneno tu. Asipotia sahihi, hauimbwi. Wakaniuliza mwenyewe ni nani. Nikawaambia sina ruhusa ya kumtaja mpaka nimwandikie.

Ndiyo hii barua. Wifi yako aliniuliza jikoni sauti ile niliitoa wapi, na wewe hukuhitaji kuuliza, uliijua ulipofika kwenye kiitikio. Ni ya kwako, dada. Ni ile uliyokuwa ukiniimbia asubuhi:

Amka, mzee wangu, mvua imeshanyesha,
paa letu halivuji, godoro limelowa.

Askofu mzima amefuta machozi kwa wimbo wa kikojozi. Nimeuiba bila kukuuliza, nikauvika joho, nikauingiza kanisani. Naomba unisamehe.

Lakini kuna la pili, na hili ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Nilikuwa na miaka saba inakaribia nane, umri wa mtu kuona haya, na wewe ulikuwa ukiamka kabla ya mama. Uliniimbia na kunicheka, ndiyo, nami nilikuchukia kila asubuhi kwa ajili hiyo. Ila huku unanicheka ulikuwa unalibeba godoro mgongoni kwenda nyuma ya nyumba, unaliegemeza ukutani ule upande wenye alama usionekane, na shuka unalifua kabla jua halijapanda. Mama alipouliza nani anayemaliza sabuni, ulisema ni wewe. Ulifokewa wewe, miezi mingi, na hukusema. Mama alikufa hajui. Mimi sijawahi kukushukuru hata siku moja, nami nina zaidi ya miaka hamsini.

Nimehubiri habari za neema kwa miaka kumi na tisa, na mara nyingi nimetoa kwenye vitabu. Wiki ile mbaya nilipokuwa sina kitu, nikaitafuta neema ndani yangu mwenyewe kama mtu anayepapasa mifuko, nilichokikuta ni wewe unaimba na godoro mgongoni. Ndiyo maana maneno yalikuja haraka. Asante, dada. Nimechelewa, lakini asante.

Sasa ifunue fomu. Andika jina lako pale penye aliyetunga sauti, na sahihi chini yake. Kama hutaki, usiandike kitu, nami nitawaambia wauache, na sitakulaumu hata kidogo, kwa sababu ni mali yako. Kama utakubali, kuna mahali wameuliza wimbo ulitungwa katika mazingira gani. Hapo nakuomba sana uandike kwa kifupi. Andika kwamba ilikuwa asubuhi.

Utapewa kiti cha mbele siku ya mkutano, karibu na askofu. Wifi yako ameahidi kutokukutazama wakati anaongoza, kwa sababu mkikutana macho hatafika ubeti wa pili. Msalimie sana shemeji, na wapwa wangu uwaambie mjomba anawaombea, ila usiwasomee barua hii. Wifi yako anakusalimu na anauliza kama kuna ubeti mwingine wa ule wa zamani anaofichwa. Bwana akulinde wewe na goti lako.

Na siku ile, kiitikio kitakapofika, nawe ukashindwa kujizuia ukataka kuimba maneno yako, yaimbe. Uyaimbe polepole tu, kama zamani, nisikie mimi peke yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Mchungaji, msaidizi wa maneno