Babu Aliyehesabiwa Pande Zote Mbili

Malaba,
Jumatatu, baada ya swala ya alasiri

Dada yangu Hanifah,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto, na kwamba baridi ya Nakuru haijakirudisha kile kikohozi ulichoondoka nacho baada ya mazishi. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula, ingawa bado anapakua sahani ya Baba, kisha anairudisha jikoni. Malaba ni ile ile, foleni ya malori haiishi, na mimi nashinda nikikimbizana na karatasi za forodha za watu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii. Kila ukiniita mdogo wangu kwa ile sauti yako, najikuta nauliza habari za watoto na bei ya viazi. Kwenye karatasi sina pa kuponyokea.

Makaburini uliniuliza kama nilipata chochote juu ya watu wa babu. Nilikujibu kwamba vitabu vya kanisa vililiwa na mchwa. Ukanipa pole, ukanishika mkono mbele ya watu wote. Dada, mchwa hawakugusa hata ukurasa mmoja.

Kazi ile ulinipa wewe, mafigo ya Baba yalipoanza kukataa. Alikuwa na miaka minne tu babu Nasifu alipofariki, na bibi Fatumah hakuwahi kusema zaidi ya kwamba mumewe alitoka ng'ambo, Uganda. Baba alisema anataka kusikia jina la mtu mmoja tu wa damu ya baba yake kabla hajafumba macho. Nawe ukasema nitumwe mimi, kwa kuwa hakuna karatasi inayonishinda. Nilivimba kichwa siku ile.

Nilianza na cheti cha ndoa cha bibi, kile kilichokuwa kwenye sanduku la bati. Kinasema Nasifu Ofwono, mwana wa Owor, wa Iyolwa. Nikavuka. Kule Iyolwa nilielekezwa kwa familia ya aliyekuwa karani wa gombolola, yaani tarafa yao, enzi za wakoloni, ambaye alijiwekea nakala ya orodha ya watu kila walipohesabiwa. Nilimpata Ofwono, mwana wa Owor. Lakini si Nasifu. Ni Yokana Ofwono, mke Acom, binti mmoja, na pembeni karani ameandika kwamba mume yupo nyumbani. Ni hesabu ile ile ambayo bibi alikuwa akijisifia, kwamba hapa Malaba walihesabiwa watatu, yeye, mumewe, na Baba akiwa mchanga mgongoni. Nilicheka peke yangu. Watu wa mpakani ndivyo tulivyo, hesabu ikija huku tupo, ikija kule tupo.

Nilipofika kanisani Nabuyoga, wanakosali watu wa Iyolwa, kicheko kiliisha. Msimamizi wa ofisi, Bwana Wabwire, aliniuliza, "Weye nataka kitabu ya ndoa ama ya ubatizo?" kisha akanitolea vyote viwili. Yokana na Acom walifunga ndoa ya pete mbele ya padri, miaka minane kabla ya nikaha ya bibi. Kando ya majina yao padri ameandika kwa wino mwingine kwamba mume amehamia Malaba, inasemekana kwa Waislamu. Wabwire akaniletea pia daftari la nia za misa. Kila Novemba, miaka kumi na tisa mfululizo, Acom aliomba misa kwa ajili ya mume wake Yokana, popote alipo, arudi salama. Babu alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa hapa Malaba, na yule mama bado anamwombea njia.

Hadi hapo, dada, ungeweza kunisamehe kwa urahisi. Ungesema nilificha aibu za marehemu. Lakini yule binti mmoja kwenye orodha ya karani yu hai.

Anaitwa Selpher, ni shangazi yetu. Ana miaka themanini na mitano na macho yamefifia. Baada ya kufiwa na mumewe alirudi kuishi kwenye boma la mama yake Iyolwa, na Wabwire ndiye aliyenipeleka. Alinipapasa uso kwa mikono yote miwili, akasema pua ni ya kwao. Alinieleza kwamba wakati wa hesabu ile mama yake aliwaambia wahesabuji mume ameshuka Malaba mara moja, jioni atarudi, wamwandike. Miaka ilipozidi, ukoo ulizika mgomba nyuma ya nyumba mahali pa mwili wake, kama wanavyomfanyia mtu aliyepotea. Acom alikataa kutoka ndani siku hiyo. Shangazi alipojua kwamba ana mdogo wake wa kiume, alianza kuuliza vitu vidogo vidogo: anapenda kula nini, anaumwa wapi, kama bado ana meno. Akanipa salamu nimpelekee.

Salamu hizo sikuzifikisha. Nilizipata wiki saba kabla Baba hajafa.

Nilijiambia namhifadhi Baba, mtu wa safu ya mbele msikitini miaka hamsini, nisimwambie kwamba baba yake aliwatoroka mke na mtoto bila kuaga. Sababu yenyewe ni ndogo na inanuka. Mwezi ule walikuwa wamenipendekeza kuwa katibu wa msikiti. Nilimjua Baba, angemtaka dada yake siku hiyo hiyo, na mama mwenye rozari shingoni angekuja kukaa sebuleni petu, na maneno yangeanza. Nikaona uchaguzi upite kwanza. Ukatibu nimeupata.

Kila jioni Baba aliuliza kama kuna habari, nami nikajibu bado. Jioni ya mwisho hakuuliza. Aliniambia nisijichoshe tena, huenda baba yake hakuwa na mtu. Nilikuwa nimeshika kikombe chake cha uji, na jina lilikuwa mdomoni, nikalimeza. Naona aibu hata kuliandika hili.

Bado halijaisha. Baada ya mazishi shangazi alinipigia kwa simu ya jirani kumuulizia mgonjwa, na nikausikia mdomo wangu ukisema ana nafuu. Jana amepiga tena. Anakuja Ijumaa, na kuku wawili na ufuta aliousaga mwenyewe. Amesema mdogo wake Nasrudin asihangaike kutoka hadi barabarani kumpokea, akae tu kitandani, atamtambua kwa mikono.

Sikuandikii ili umwambie wewe. Nitavuka Alhamisi niende Iyolwa nimwambie mwenyewe, kabla hajapanda gari. Mama nitamwambia kesho, na ukatibu nitaurudisha, ingawa najua hilo halimfufui mtu. Najua pia kwamba shangazi hatakubali kubaki. Atakuja aone kaburi, na akifika atataka kushika uso wa kaka aliyemkosa. Wewe ndiye uliyefanana na Baba, paji lile lile, kidevu kile kile. Njoo, dada. Mimi uso wangu sina haki ya kumpa tena.

Barua hii nampa dereva wa basi la Nakuru kesho asubuhi. Msalimie shemeji, na watoto uwape pole ya babu yao kwa niaba yangu. Mama anakusalimu. Shangazi naye anakusalimu kwa jina lako, nililompa siku ile ya kwanza, kabla sijaanza kudanganya.

Mdogo wako aliyekukosea,
Swabur